Kwenda Ngamba na maji naogopa

SWALI: Habari dada. Wenzangu kazini wamepanga twende Ngamba, kile kisiwa cha Ziwa Victoria hapa Uganda, kuona sokwe, asubuhi kwenda jioni kurudi, ila mimi maji naogopa balaa na kuogelea sijui. Niende kweli? – Mwoga wa Kireka

JIBU: Nenda bwana, hao sokwe wenyewe hawajui kuogelea, ndo maana wakawekwa kisiwani tangu 1998, wengi ni yatima waliookolewa kwa majangili na wauza wanyama. Toka Entebbe ni kama kilomita 23, spidiboti inakata chini ya saa moja, ila ile ya mbao yenye injini nyuma inajivuta zaidi na maji yanakurukia mpaka usoni, so kama mfuko unaruhusu chukua ya kwanza. Laifujaketi vaa kabla hamjaondoka, funga mikanda yote, usiikalie kama watu wetu wanavyopenda. Halafu ombeni safari ya asubuhi, mchana upepo ukiamka ziwa halina utani. Mkifika mnasimama kwenye jukwaa la mbao, katikati uzio wa umeme, mtunzaji anarusha matunda na sokwe wanatoka msituni kwa kelele, mwingine ananyoosha kiganja kabisa anadai chake, hapo hofu ya boti utaisahau. Ukiwa na mafua lakini baki nyumbani, magonjwa yetu ya kifua yanawapata na wao. Na usishawishike kuoga pembeni, Ziwa Victoria lina kichocho. Simu ifunge kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki.