Mwanangu, jifunze kwanza kukisimamisha hicho cherehani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema cherehani cha umeme kimekaa kwenye boksi tangu ukinunue. Ulikitoa siku moja tu, ukakanyaga pedali, kikatoka mbio, nyuzi zikafanya fundo chini ya kitambaa, ukakirudisha kilikotoka. Sasa unaniuliza: “Mama, nifanyeje niache kukiogopa?”

Sitakuambia usikiogope. Chombo chenye sindano inayopiga mamia ya mara kwa dakika kinastahili kuogopwa kidogo. Ila ukiifungua hofu yako utakuta ndani yake kuna hofu nne: kwamba kitakukimbia, kitakutoboa kidole, kitatafuna kitambaa, na utakiharibu. Kila moja ina dawa yake, na ya kwanza ni kujua kukisimamisha kabla ya kujua kushona.

Kitoe kwenye boksi, kiweke juu ya meza isiyoyumba, usikichomeke kwenye umeme. Toa uzi wote, inua mguu unaokandamiza kitambaa. Halafu shika gurudumu la upande wa kulia, ulizungushe kwa mkono polepole kuelekea kwako. Siku zote kuelekea kwako, usizoee kulirudisha nyuma. Tazama sindano inavyoshuka, na ukifungua kifuniko cha bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, utaona ndoano ikipita chini. Uzi ukiwa umetiwa, sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi wake hulegea na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano hukidaka kitanzi hicho, hukipitisha kuizunguka bobini, kisha ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka mbele ya mashine hukivuta juu. Mshono wote ndio huo: uzi wa juu na wa chini vimekumbatiana katikati ya kitambaa. Sindano yenye tundu kwenye ncha na nyuzi mbili zinazofungana ndivyo alivyoandikisha Elias Howe, kama uvumbuzi wake, kule Marekani mwaka 1846, na mpaka leo kiini ni kilekile. Taa na vitufe ni nyongeza tu. Zungusha hivyo mara ishirini au thelathini, hadi ujue bila kutazama ni wakati gani sindano iko juu kabisa.

Sasa chomeka umeme, lakini uzi bado usitie. Chukua karatasi yenye mistari, iweke chini ya mguu wa mashine, uushushe. (Usiuache mguu huo umeshuka bila kitu chini yake huku mashine inakwenda, maana yale meno ya chuma yanayosukuma kitambaa kwa chini yataukwangua.) Kisigino chako kikae sakafuni muda wote, ukanyage kwa vidole tu. Wengi wanaokimbizwa na cherehani wameninginiza mguu mzima juu ya pedali, na uzito wote wa paja unaishia hapo. Viatu vya soli nene vua, havikuruhusu kuhisi kitu. Kama mashine yako ina kidhibiti kasi, kirudishe kwenye kasi ndogo kabisa. Kama haina, zima mashine, ukate kipande cha sponji ukisukume kwenye mwanya wa pedali ili isiweze kushuka hadi mwisho.

Zoezi lenyewe ni hili: shona matundu matano, simama. Matano tena, simama. Kisha matatu, kisha moja. Usijali mstari bado. Unafundisha mguu kuachia. Ukiweza kupiga tundu moja na kusimama, hofu ya kukimbizwa imekwisha, hata kama mshono bado unakwenda kama nyoka. Baada ya hapo fuata mistari ya karatasi. Macho yasiitazame sindano, yatazame ukingo wa karatasi unavyopita kwenye alama za sahani ya chuma, zile zinazoonyesha umbali kutoka kwenye sindano. Mikono iongoze, isivute. Meno ya chini ndiyo yanayosukuma, na ukiyasaidia kwa kuvuta, sindano inapinda, inagonga sahani, inakatika. Tumia sindano kuukuu kwa zoezi hili, kwa sababu karatasi huitia butu.

Kuhusu kidole. Viganja viwe bapa pande mbili za sindano, vidole visikaribie chini ya sentimita 3. Unapotia uzi, unapobadilisha sindano au unapong’oa nyuzi zilizonasa, zima mashine kwanza. Kutoa mguu kwenye pedali hakutoshi, maana mguu husahau ukarudi. Pini ing’oe kabla haijafika kwenye sindano, usishone juu yake hata ukiona wengine wanafanya. Ikitokea sindano imepita kidoleni, usivute mkono: zima, zungusha gurudumu taratibu hadi sindano ipande, kisha itazame kama ni nzima. Kipande kikibaki ndani, nenda hospitali. Hata kikitoka chote, osha kwa sabuni na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sasa lile fundo lililokurudisha nyuma. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa, na wengi hulaumu bobini. Kumbuka hivi: vitanzi vikionekana chini, kosa liko juu. Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vinavyoubana. Ukiinua mguu wa kukandamiza, visahani hufunguka, na ukiushusha hujifunga. Ukitia uzi wakati mguu umeshuka, uzi hauingii katikati ya visahani, unapita juu juu bila kubanwa. Ndoano inavuta uzi inavyotaka, hakuna wa kuurudisha, nao unarundikana chini. Ukisahau kushusha mguu wakati wa kushona, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo uzi hutiwa mguu ukiwa juu na sindano ikiwa juu kabisa, na mshono hushonwa mguu ukiwa chini. Hakikisha pia uzi umepita kwenye tundu la ule mkono unaopanda na kushuka. Ukiruka hapo, fundo linakuja mara moja. Acha mikia ya nyuzi zote mbili ya sentimita 10 hivi, ielekee nyuma, na uishike kwa mishono mitatu minne ya kwanza.

Bobini tumia za aina ileile iliyokuja na mashine. Zinafanana kwa macho, lakini tofauti ya milimita moja inatosha kusumbua. Kitabu cha maelekezo cha mashine kitakuonyesha uzi ufunguke kuelekea upande gani.

Kisha fanya jambo litakaloonekana la ajabu: haribu kwa makusudi. Tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, chukua kitambaa cha pamba kisichovutika, ukikunje mara mbili. Weka urefu wa mshono 2.5, yaani milimita, na mkazo wa uzi kwenye 4 kama kidude chake cha kuzungusha kina namba 0 hadi 9. Shona mstari mmoja sawasawa. Wa pili, punguza mkazo hadi 1: upande wa chini utaona wekundu mwingi. Wa tatu, ongeza hadi 8: weupe utachungulia juu na kitambaa kitajikunja. Wa nne, tia uzi huku mguu umeshuka, utengeneze lile fundo lenyewe. Zima, likate kwa mkasi chini ya kitambaa, toa bobini, futa vipande vya uzi, tia upya. Fundo ulilolitengeneza mwenyewe na kulifungua mara tatu haliwezi tena kukufukuza. Skurubu ndogo ya kwenye kijumba cha bobini iache, hiyo siyo ya wiki ya kwanza.

Mashine ikiruka mishono, usiguse kibonyezo chochote kabla ya kubadilisha sindano. Karibu kila mara ni sindano: imepinda, ni butu, haikusukumwa juu hadi mwisho, au imegeuzwa. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande huo. Kwenye mashine kama yako, ambayo uzi unaingia kwa mbele, upande bapa wa shina unakaa nyuma. Namba 80/12 ni ya pamba ya kawaida, 90/14 ya kitambaa kizito kidogo, 100/16 ya jinzi. Ile 90 maana yake unene wa milimita 0.9. Kitambaa kinachovutika kama cha fulana kinataka sindano ya ncha ya mviringo. Ibadilishe kila baada ya saa nane hivi za kushona, hata kama inaonekana nzima.

Na la kukiharibu? Ni vigumu kuliko unavyodhani. Vinavyokiumiza kweli ni kulazimisha gurudumu lililokwama, kuvuta kitambaa, na mafuta yasiyo yake. Mafuta ya kupikia hukauka yakawa gundi. Tumia ya cherehani tu, tone moja pale kitabu kinapoonyesha, na kama kitabu hakionyeshi popote, usitie.

Kazi ya kwanza nakuchagulia mimi: foronya isiyo na zipu wala kifungo. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 70, fua kitambaa kwanza kisije kikanywea baadaye, kisha kata kipande cha sentimita 53 kwa 164. Pinda ncha mbili fupi, sentimita 1 na tena 1, ushone. Kilaze upande mzuri ukiwa juu, kunja sentimita 70 kutoka ncha moja, kisha zile 20 zilizobaki zikunje juu yake. Bana kwa pini, shona pande mbili kwa sentimita 1.5 kutoka ukingoni, ukirudi nyuma mishono mitatu mwanzoni na mwishoni ili usifumuke. Geuza nje. Ni mistari minne iliyonyooka, basi. Pale unene unapoongezeka, acha pedali uvuke kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Ukimaliza nipigie picha unitumie. Usinipigie upande mzuri, nao nitauona nikija. Geuza nikaone upande wa chini wa mshono.

Mama yako