Pendulamu ya kwenye kompyuta inatupa g ndogo

SWALI: Wanafunzi wangu wanatafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia) kwa programu ya pendulamu ya PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, lakini wanapata 8.5 badala ya 9.8 m/s². Tena intaneti hukatika katikati ya somo. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, tazama pembe kwanza. Fomula T = 2π√(L/g), ambapo T ni muda wa bembeo moja na L ni urefu wa uzi, ni ya pembe ndogo tu. Uzi wa mita 1 hubembea, kwenda na kurudi, kwa sekunde 2.01. Ukiuvuta hadi pembe ya digrii 60 huchukua 2.15, na hapo ndipo hiyo 8.5 inapotoka. Wasizidi digrii 10, msuguano uwe sifuri, wapime mabembeo 10 kisha wagawanye kwa 10.

Urefu mmoja hautoshi. Wapime kuanzia mita 0.2 hadi 1, wachore grafu ya T² dhidi ya L. Mteremko wake ni 4π²/g, yaani karibu 4.0. Nasisitiza grafu kwa sababu nukta iliyopotoka huonekana papo hapo.

Kuhusu intaneti, pakua mapema faili la HTML5 la programu hiyo, ulinakili kwenye kila kompyuta. Hufunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Kisha warudie jaribio kwa uzi na jiwe halisi.