Swali la lugha: ni mto gani huo?

Msomaji anaandika: “Ninahariri ripoti ya wataalamu wanaotafuta maji katika bonde lenye mchanga. Wanapiga bamba la chuma kwa nyundo, na vyombo vilivyopangwa mstari juu ya ardhi vinapokea mawimbi. Sentensi moja inasema: ‘Upimaji wa tetemeko umegundua mto wa chini ya ardhi unaotiririka kuelekea mashariki.’ Je, neno ‘tetemeko’ limekaa sawa hapo?”

Halijakaa sawa. Andika “upimaji wa mitetemo”. Tetemeka imezaa tetemeko, tetema ikazaa mtetemo, na tetemeko limeshachukuliwa na lile janga ambalo wazee waliliita pia zilizala. Ukisema “upimaji wa tetemeko”, msomaji atadhani wataalamu wamekaa kitako wakingoja nyumba zianguke. Hawangoji kitu, wanaitetemesha ardhi wenyewe. Robert Mallet, mhandisi wa Ireland, alikwisha kufanya hivyo mwaka 1849, alipolipua baruti kwenye ufuko wa Killiney, nchini mwake, ili apime kasi ya mawimbi mchangani.

Swali lako limekwisha. Sasa langu: ni mto gani huo?

Mto una kingo na ng’ambo, una mahali pa kuvukia. Maji yaliyomo katika mchanga hayana nafasi hata ya kutia kidole. Yamekaa katika vitundu baina ya chembe na chembe, yakijipenyeza taratibu, na mara nyingi siku nzima hupita hayajamaliza mita moja. Halafu mwandishi wako anatuambia “yanatiririka”! Kiswahili hakikutunyima vitenzi vya maji: hububujika, hufoka, huchuruzika, huvuja, hutona, hupenya. Katika hazina yote hiyo ameokota kile cha maji yenye njia wazi na haraka ya kufika. Nimelisoma neno hilo katika magazeti, nimelisikia redioni, na kila mara naona mtu amechora kichwani mto kamili, pengine na mamba wake, akauzika.

Najua nitaandikiwa kuhusu mapango. Ni kweli, penye mawe ya chokaa maji huyeyusha mwamba, yakajichongea njia, na mto wa haki ukapita humo. Ule wa Puerto Princesa, Ufilipino, una urefu wa zaidi ya kilomita 8 na watu huingia kwa mashua. Huo uite mto, nami nitanyamaza. Bonde lako ni la mchanga.

Kosa kubwa zaidi limejificha mwishoni: “kuelekea mashariki”. Mitetemo haijui mashariki! Kinachopimwa ni muda wa mawimbi kufika, na kutokana na muda huo hupatikana kasi. Katika mchanga mkavu wa juu juu, kasi ni mita mia kadhaa kwa sekunde. Ukijaa maji, hufika kama 1,500. Katika granaiti isiyochakaa, hupita 5,000. Hivyo mtaalamu hujua kwa kukadiria mchanga umejaa maji kuanzia kina gani, mwamba uko wapi, na umekatika wapi. Hata hapo huwa mwangalifu, maana mwamba uliochakaa unaweza kutoa kasi ile ile ya 1,500 bila kuwa na maji ya kuchota. Kwa hiyo wengine hupima pia mawimbi yanayotikisa ardhi kiubavu. Hayo hayapiti ndani ya maji matupu, na kasi yake haibadiliki sana mchanga unapolowa. Kasi ya yale mawimbi ya kwanza ikiruka ghafla na ya haya ya kiubavu ikabaki pale pale, hiyo ni dalili nzuri ya maji.

Yanakoelekea, waulize visima. Hupimwa uso wa maji umesimama kimo gani katika visima vitatu au zaidi visivyo kwenye mstari mmoja, na kutoka hapo mwelekeo hukadiriwa. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa, alionyesha mwaka 1856, kwa majaribio ya kupitisha maji katika mchanga huko Dijon, Ufaransa, kwamba mwendo wake hufuata tofauti ya vimo hivyo na jinsi mchanga unavyoyaruhusu kupita.

Kuhusu “chini ya ardhi”: mimi huandika “maji ya ardhini”, kwa kuwa maji hayakufichwa chini ya ardhi kama vumbi chini ya mkeka, yamo ndani yake. Lakini “maji ya chini ya ardhi” yamekwisha kuenea kote, na vita hivyo vimenichosha. Yaache.

Sentensi yako basi iwe hivi: “Upimaji wa mitetemo umeonyesha tabaka la mchanga ambalo huenda limejaa maji; vipimo vya visima vinaonyesha kwamba maji hayo yanasogea mashariki.” Kama visima havikupimwa, futa mashariki. Mwandishi akilalamika kwamba umemnyang’anya mto wake, mpe anwani yangu.