Maswali yenu juu ya michango ya wakulima

Tangu nilipowaandikia habari za akina mama wa Kabare, kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, walioletewa mbegu za maharagi mwezi wa 11, simu yangu haipumziki. Waliochanga walichanga kwa moyo mweupe. Pesa zikakawia njiani, mvua haikuwangoja, na maharagi yaliyopandwa yakachanua jua likiwa limeshaanza kuchoma. Leo najibu barua zenu, zile zilizouliza jambo ambalo wengi wameliuliza.

Jambo Mama. Sisi ni vijana 12 wa Bagira, mjini Bukavu, wazazi wetu wako kijijini Walungu. Tunataka kuchangisha pesa tusaidie kikundi cha mama zetu, wako 30. Tuanzie wapi?

Anzieni Walungu, wanangu, si Bagira. Pandeni gari siku moja, mkae nao chini, muwaulize msimu uliopita uliharibikia wapi. Mmoja atasema hakupata mbegu. Mwingine atasema mbegu anazo, ila udongo umechoka. Wa tatu atawaambia alivuna vizuri, akauza yote wiki ile ile kwa bei ya kutupa sababu shule ilimfukuzia watoto kwa minervali, yaani ada ya shule, kisha mwezi wa 2 akarudi sokoni kununua mbegu kwa bei ya juu. Huyo wa tatu mkimpelekea mbegu hamjamgusa shida yake. Anataka ghala la kuwekea mavuno na mkopo mdogo wa kumvusha wiki mbili tatu.

Tuseme wamekubaliana kuwa ni mbegu. Fanyeni hesabu mbele yao. Maharagi mafupi, yasiyopanda mti, hula kama kilo 80 kwa hektari moja. Shamba la mita 20 kwa 50 ni sehemu ya kumi ya hektari, basi linataka kilo 8. Mama 30 wenye mashamba ya namna hiyo ni kilo 240. Mkichagua maharagi yanayopanda, mbegu zitapungua lakini mtahitaji fito, na shamba dogo hilo hilo linameza maelfu ya fito. Mmeuliza zitatoka msitu gani? Hesabu ya aina hiyo, pamoja na bei mliyoisikia wenyewe sokoni na gharama ya gari, ndiyo mtakayowaonyesha watu mnaowaomba. Mtu akisoma “kilo 8 kwa mama mmoja” anajua dola yake inakwenda kwenye shimo gani la mbegu. Akisoma “kuinua maisha ya wakulima” hajui kitu.

Kisha kalenda. Msimu A wa kupanda kwetu unafunguka katikati ya mwezi wa 9, msimu B katikati ya mwezi wa 2. Kwa msimu A anzeni kuchanga mwezi wa 5, mbegu ziwe kijijini kabla mwezi wa 8 haujaisha. Mkichelewa msilazimishe: wekeni pesa mngoje msimu B, na muwaeleze waliochanga.

Kabla ya kulipa gunia lolote, chukueni punje 100, zifungeni kwenye kitambaa chenye maji, mkilowanishe kila siku kwa wiki moja. Hesabuni zilizoota. Zikiwa chini ya 80, mrudishieni muuzaji gunia lake. Nimewahi kuona mama akimwaga mbegu za msaada kwenye ungo na kila punje ya pili ina tundu la mdudu. Hakusema neno. Alianza kuzipepeta tu, kama mtu aliyezoea.

Na jambo la mwisho kwenu: nyumba yenye njaa inapika mbegu. Hata zile zilizotiwa dawa, watu wanaziosha na kuzitia chunguni, na dawa ile ni sumu. Mkiona kijiji hakina chakula, toeni mbegu pamoja na unga wa wiki chache. Si anasa, ndiyo namna ya kuiokoa mbegu ifike shambani.

Niko Ubelgiji. Kila msimu namtumia mpwa wangu pesa kwa simu anunulie wazee mbegu. Sijui kama zinafika. Sitaki kumtuhumu mtoto wa dada yangu.

Ndugu yangu, usimtuhumu, mpunguzie mzigo. Kijana mmoja, simu moja, pesa za ukoo mzima, na nyumbani kwake pia kuna mgonjwa: huo ni mtihani ambao hata mtu mzima anaweza kuanguka. Banki za Bukavu zilipofunga milango kwa ajili ya vita Februari 2025, karibu kila kitu kilihamia kwenye simu, na mzigo huu ukawaangukia vijana wengi kama yeye.

Taja watu watatu: mpwa wako apokee, mzee mmoja aende naye kununua, mama mmoja wa kikundi apokee magunia na kuandika kwenye daftari. Pesa ya kutolea kwa wakala iongeze juu, usiwaache waikate kwenye mbegu. Omba picha ya risiti na ya ukurasa wa daftari wenye sahihi au dole gumba. Halafu mpigie simu yule mama wa magunia, si mpwa wako, umuulize maharagi yameotaje.

Mimi na mume wangu tuko Lubumbashi. Tunataka kuwanunulia wajane 20 wa kwetu Kalehe mbuzi mmoja mmoja. Ni wazo zuri?

Ni zuri, na ninaweza kulifanya liwe la bei nafuu zaidi. Msinunue 20. Nunueni majike 8 na dume 1 kwa mzunguko: mjane wa kwanza akipata jike, mtoto jike wa kwanza anampa jirani aliye kwenye orodha. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, basi jirani atangoja karibu mwaka, na orodha ile ipigiwe kura hadharani ili asiyefikiwa asinung'unike. Anayetoa ana heshima yake pia. Mjane aliyepokea msaada mwaka huu, mwakani yeye ndiye anayepelekea mwenzake kamba yenye mbuzi, na watu wanapiga vigelegele.

Nunueni mbuzi wa huko huko. Mwaka 1988 wakulima wa Uingereza waliwapakia ng'ombe wao kwenye ndege wakawapeleka Uganda, na shirika lao likaitwa Send a Cow. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipowazuia kusafirisha wanyama, walianza kununua ng'ombe hapa hapa Afrika, waliozoea kupe zetu na majani yetu. Shirika lingalipo, tangu 2022 linaitwa Ripple Effect. Kwa mbuzi wa Kalehe gharama ya ndege haipo, lakini ya daktari wa mifugo ipo: tengeni pesa za chanjo ya sotoka ya mbuzi na dawa za minyoo tangu siku ya kwanza, la sivyo mtachangia mazishi ya mbuzi.

Lakini waulizeni wajane kama hawataki simbiliki, wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaofanana na panya wasio na mkia. Najua, mtu wa Lubumbashi atasikia ni kitu cha kuchezea watoto. Kwetu Kivu ya Kusini, baada ya ng'ombe kuporwa vita baada ya vita, simbiliki ndio waliobaki jikoni karibu na mafiga. Wanakula maganda na majani, jike anazaa baada ya miezi 2 hivi, watoto 2 hadi 4. Usiku wa kukimbia unawatia kwenye kikapu na kuwabeba. Na mbolea yao, ndogo kama ionekanavyo, ndiyo inayorudisha rangi ya kijani kwenye bustani ya mboga za lengalenga. Kitu kimoja tu: madume wabadilishwe kati ya nyumba na nyumba, ndugu wasizaane, kizazi kitadhoofu.

Mama, naendesha ukurasa wa mchango. Picha ya mtoto anayelia inaleta pesa haraka kuliko picha ya shamba. Nifanyeje?

Iondoe, mwanangu. Leo.

Kuna mama mmoja wa Kabare aliyeambiwa anakuja kupigwa picha kwa ajili ya mchango. Alinawa miguu, akaazima kitenge cha jirani, akachagua maharagi yake mazuri akayatia kwenye kopo la maziwa ya Guigoz ili ayashike mbele ya kifua. Picha iliyotumika haikuwa hiyo. Ilikuwa ile aliyopigwa mapema, ameinama, nguo ya shamba imechanika begani, mwanawe analia pembeni. Miaka mitatu baadaye mtoto yule aliiona kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake, darasa zima likamcheka. Pesa zilipatikana, ndiyo. Mama yule hajakubali tena kusimama mbele ya kamera, na simlaumu.

Mwonyeshe mtu picha yake na maneno utakayoyaandika chini, umsomee kwa Mashi, lugha ya kwao, kama Kiswahili hakimtoshi, na akikataa, imekwisha. Jina la mtoto na jina la kijiji visikae pamoja kamwe, wakati huu wa mashaka zaidi.

Tukikata sehemu ya mchango kwa ajili ya usafiri wetu, ni wizi?

Si wizi mkitangaza kabla. Ni wizi mkinyamaza.

Je, tunahitaji hati za serikali?

Kuchanga mara moja kati ya ndugu, hapana. Mkitaka kudumu na kupokea pesa za wafadhili, jiandikisheni kama asbl, yaani shirika lisilo la faida, chini ya sheria ya Kongo ya 20 Julai 2001. Lakini kama lengo ni wakulima wenyewe wauze kahawa au mihogo kwa pamoja na kugawana faida, asbl si nguo yao: watengeneze kooperative, yaani chama cha ushirika. Sheria ya OHADA, ile ya biashara ambayo Kongo inashiriki na nchi nyingine za Afrika, inaruhusu ya namna rahisi kuanzia watu 5.

Mama mwenzangu, mimi ni mkulima wa Idjwi. Tumechoka kungoja wafadhili. Sisi wenyewe tuko mama 22, tufanye nini?

Aksanti kwa swali hili, nimelingoja. Undeni MUSO, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana. Mnakuwa na masanduku matatu. La kijani ni akiba yenu: kila mkutano kila mmoja anaweka kiasi kile kile, na humo mnakopeshana kwa riba mliyoipanga wenyewe. La nyekundu ni la msaada: faranga kidogo zisizorudi, kwa mgonjwa, msiba au uzazi. La buluu ni la pesa za nje, za banki au za mfadhili. Mama mmoja asishike sanduku na funguo pamoja.

Pangeni mikopo ifuate mananasi na kahawa yenu: irudishwe baada ya mavuno, si katikati ya palizi. Miezi 6 ya kwanza msitafute mtu wa kujaza lile la buluu, liacheni tupu. Akija mgeni na pesa zake, mkalisheni, mmletee daftari la kijani alisome kwanza, kisha mwambieni ninyi ni kilo ngapi za mbegu mmepungukiwa na mnazitaka mwezi gani.