Siku Moja ya Addis Ababa, Ukiwa Kwako Arusha

Msomaji mmoja wa Sakina, hapa Arusha, ameniandikia wiki hii. Kazi yake ni kuwapangia wageni safari: vyumba, magari, chakula cha kambini, saa ya kuwapokea uwanja wa ndege wa KIA. Mwisho wa ujumbe ameuliza, "Sisi tunaosafirisha watu, safari yetu ni lini?" Nauli hana, likizo msimu huu hapewi, ada ya watoto inamsubiri, na video za safari kwenye simu zinamwachia unyonge tu. Anataka kujua kama mtu anaweza kuonja safari bila kutoka nyumbani.

Anaweza, dada yangu, ila ina kazi. Wengi wanashindwa kwa sababu wanataka dunia nzima ndani ya jioni moja: chakula cha Italia, muziki wa Brazili, picha za Paris kwenye televisheni. Mwili hauridhiki hivyo. Unachotaka mwili ni baridi ya asubuhi, harufu ngeni, chakula kinacholiwa kwa namna usiyoizoea, na siku ambayo hakuna anayekuita kufua. Basi chagua mji mmoja tu, uupe siku nzima, na uuchague kufuata hali ya hewa uliyo nayo. Arusha ya Julai haiwezi kuwa Zanzibar. Pwani iachie Januari na Februari, hasa kwa mtu wa Moshi, wakati joto la usiku ni la kweli na urojo unaliwa uani.

Julai ni ya Addis Ababa. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai kwao ni masika: mawingu, baridi, watu wamejitanda mashuka. Anga la Arusha mwezi huo linafanana nalo vya kutosha. Saa zao ni zetu, na wanazihesabu kama sisi, tangu jua linapochomoza. Saa moja ya asubuhi kwao ni saa moja kwetu. Viungo karibu vyote vipo Soko la Kilombero, na kwa wa Moshi, Mbuyuni. Tena kuna kahawa. Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, na ndiyo hiyohiyo inayolimwa kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kwa hiyo kitakachokuwa kikombeni mwako ni kitu chenyewe.

Tuseme safari ni Sabasaba, siku ya mapumziko. Unaanza tarehe 4, kwa sababu injera, mkate wao mpana na mwembamba wa unga uliochachuka, haina njia ya mkato. Teff, nafaka yao ndogo, huku ni shida kuipata. Tumia unga wa ulezi au mtama. Hata Ethiopia kwenyewe wako wanaopika injera ya mtama. Changanya vikombe 3 vya unga wa ulezi na kikombe 1 cha unga wa ngano, maji ya uvuguvugu vikombe 5, na robo kijiko cha chai ya hamira kwa mara hii ya kwanza tu. Ngano ina sababu yake: injera ya mtama au ulezi mtupu ikipoa inakatika ukiikunja. Koroga mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, usiijaze zaidi ya nusu maana itapanda. Moshi inachachuka kwa siku 2. Arusha ya Julai usiku ni baridi mno, inataka siku 3, na ndoo uifunge blanketi uiweke jikoni karibu na jiko. Ikiwa tayari, juu yake patakuwa na maji ya njano yenye harufu kali ya uchachu. Hayo yanamwagwa, lakini bakiza nusu kikombe. Ukiona ukungu wa rangi, mweusi au wa waridi, tupa yote uanze upya, wala usijaribu kuukwangua.

Usiku wa tarehe 6 fanya kazi zote za nyumba. Fua, deki, nunua mkaa, lipa umeme, wapigie simu wanaosubiri simu yako. Hapa ndipo siku nyingi za namna hii zinapovunjika, mtu anasafiri huku ndoo ya nguo inamtazama. Halafu tengeneza berbere, mchanganyiko wao wa pilipili: paprika vijiko 4 vya chakula, pilipili kali ya unga kijiko 1, giligilani ya mbegu kijiko 1 cha chai, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, uwatu nusu kijiko, iliki robo kijiko, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu na mdalasini chembe tu. Mbegu zikaange kavu kwa dakika 2 kabla ya kusaga. Uwatu ukizidi, mchuzi wote utakuwa mchungu na hakuna sukari itakayouponya. Na usibadilishe paprika yote kwa pilipili yetu kali, maana kwa kipimo hicho hakuna atakayekula.

Asubuhi toka nyumbani saa 12, ukiwa na mkoba mgongoni. Hili wengine wanaliona la kitoto. Mimi nasema usiliruke, kwa sababu bila kuondoka hakuna kufika. Addis alfajiri ni mji wa wakimbiaji. Wanapanda na kushuka ngazi za uwanja wa Meskel, na hao ndio watu wa Abebe Bikila, aliyeshinda mbio ndefu za Olimpiki ya Roma 1960 akiwa peku. Wewe panda kuelekea mlimani, Ilboru au Sekei, kwa dakika 40 hivi, mwendo wa kukutoa jasho. Ukipita kwenye mikaratusi simama uvute hewa, uchume majani makavu machache. Juu ya Addis kuna mlima Entoto uliojaa mikaratusi, mti ulioletwa kutoka Australia enzi za Menelik wa Pili, na harufu yake ni sehemu ya mji kama ilivyo harufu ya mvua kwetu. Majani hayo utayatia kwenye makaa baadaye. Rudi kwa njia nyingine.

Ukirudi, malizia injera. Chota nusu kikombe cha rojo, koroga ndani ya kikombe 1 cha maji yanayochemka, pika dakika 4 hivi mpaka iwe uji mzito. Iache iwe vuguvugu, irudishe kwenye ndoo, subiri saa moja na nusu mpaka mapovu yapande. Hatua hii ndiyo inayoipa injera macho, vile vitundu vya juu. Rojo liwe jepesi kuliko la maandazi ya maji, linakaribia uji wa kunywa. Likiwa zito ongeza maji kidogo kidogo. Tumia kikaango kipana kisichoshika, kiwe cha moto kiasi kwamba tone la maji linaruka. Usitie mafuta. Mimina kuanzia ukingoni ukizunguka kuja katikati, subiri macho yafunguke uso mzima, ndipo ufunike kwa dakika 2. Haigeuzwi. Macho yasipotokea, kikaango hakijapata moto au rojo halijachachuka. Kingo zikipasuka, umeichelewesha. Zipoze moja moja juu ya kitambaa kwenye ungo kabla ya kuzipanga. Ukizipanga zingali za moto zinagandana kuwa kitu kimoja.

Mchuzi wa adesi nyekundu, misir wot, unategemea vitunguu kuliko kitu kingine chochote. Katakata vitunguu vikubwa 4 vidogo kabisa, vipike kwenye sufuria bila mafuta kwa dakika 20, moto mdogo, ukinyunyiza maji vijiko 2 kila vikitaka kushika. Mkono wetu umezoea kuanza na mafuta, na hapa ndipo unapokosea, kwa sababu kitunguu kilichokaangwa hakiyeyuki kikawa mchuzi. Vikishakuwa rojo la kahawia, tia mafuta vijiko 4, berbere vijiko 2 vya chakula, kitunguu saumu punje 5, uache viive taratibu dakika 5. Kisha adesi kikombe 1 na nusu zilizooshwa, na maji vikombe 4. Arusha maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo vipimo vya muda vya watu wa pwani ongeza theluthi. Nyanya usitie, inachelewesha adesi kulainika. Chumvi mwishoni.

Kando weka sukuma wiki iliyopikwa na tangawizi, basi inatosha. Ukiwa na nguvu ongeza shiro: robo tatu kikombe ya unga wa dengu iliyokorogwa kwanza kwenye maji baridi, maana ukiutia unga kwenye maji ya moto utapata mabonge, kisha kitunguu, berbere, na dakika 20 za kukoroga. Nyama huihitaji. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga nyama na maziwa karibu kila Jumatano na Ijumaa, ndiyo maana vyakula vyao vya mboga na kunde vina ladha kubwa namna hii.

Tandika injera moja kwenye sinia, panga mboga juu yake kwa mafungu, wote mle sinia moja kwa mkono wa kulia. Wana desturi inaitwa gursha, kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako. Mlishe mumeo, mlishe mama mkwe.

Mchana wape watoto kalamu. Maandishi ya Kiamhari yana herufi 33 za msingi, kila moja na maumbo 7 kufuata irabu, na yanaandika silabi nzima kwa alama moja. Mtoto aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu anaelewa mara moja: Juma ni alama 2, Neema 3. Chapisha jedwali lake, au linakili kwenye karatasi kubwa. Kalenda yao nayo ina miezi 13, ule wa mwisho una siku 5 au 6, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Video, kama lazima, iwe ya mtu anayetembea Merkato, soko lao kubwa, bila kuongea, nusu saa, kwenye televisheni, isiwe wakati wa kula. Simu ikae kabatini.

Nisisitize hili la simu, maana ndiyo inayotuonyesha starehe za wengine tu. Arusha imejaa watu wanaojua bei ya puto la Serengeti na hawajawahi kupewa asubuhi moja ya kukaa. Tumezoea kufikiri kwamba kustarehe kwa utaratibu, kwa saa zilizopangwa na meza iliyoandaliwa, ni haki ya mgeni mwenye dola. Inauma. Mkono unaomkunjia mgeni taulo uikunjie na nyumba yake mwenyewe taulo, angalau siku moja kwa msimu.

Saa 10 alasiri ni kahawa, na waalike majirani, kwa sababu kahawa ya Kihabeshi hainywewi peke yako. Tafuta kahawa mbichi kwa mkulima wa Tengeru, Kibosho au Marangu. Akikuuzia ya maganda, itwange kidogo kwenye kinu, mchi mwepesi, upepete. Unahitaji gramu 60 zilizokobolewa. Tandaza nyasi mbichi sakafuni, weka jiko la mkaa karibu na mlango ulio wazi. Gesi ya mkaa inaua kwenye chumba kilichofungwa. Osha buni kwa maji ya uvuguvugu ukizisugua, zikaange kwenye kikaango kikavu bila kuacha kukoroga. Zitakuwa njano zikinuka nyasi kavu, kisha kahawia, na kama dakika ya 8 au 10 zitaanza kupasuka kwa sauti ya bisi. Milio hiyo ikikoma, ngoja dakika 1 au 2 nyingine. Ikianza milio ya pili, midogo na ya harakaharaka, toa upesi. Moto ukiwa mkali zinaungua nje na ndani mbichi, na kahawa inakuwa chachu yenye ladha ya majani. Zungusha kikaango mbele ya kila mgeni avute moshi wake. Huo ni wajibu. Tia ubani na yale majani ya mkaratusi kwenye makaa.

Twanga, usiwe unga laini sana, utaziba. Jebena yao ni birika la udongo lenye shingo nyembamba. Tumia birika dogo la chai. Chemsha maji mililita 700, tia kahawa, rudisha motoni mpaka povu lipande, epua, rudisha tena mara 2. Liweke limeinama dakika 5 machicha yatulie, umimine bila kulinyanyuanyanyua kwenye finjani ndogo. Huo ni mzunguko wa kwanza, abol. Ongeza maji mililita 500 kwenye machicha yaleyale, chemsha tena: tona. Mara ya 3, baraka, nyepesi kama chai. Mgeni akiondoka kabla ya baraka hajamaliza ziara. Bisi na karanga zipite katikati. Yote inachukua saa 2 mpaka 3, na usijaribu kuifupisha.

Ile nusu kikombe ya maji ya njano uliyobakiza itie kwenye chupa safi ya kioo, ifunge, iweke kwenye friji. Injera ya mara ijayo haitahitaji hamira. Iamshe kwa kijiko 1 cha unga usiku mmoja kabla, na uchachu utakuwa mzuri kuliko wa kwanza. Inakaa wiki 2 hivi, kisha ilishe unga tena, au umgawie jirani aliyekunywa mpaka baraka.