Wasomaji Wanauliza: Ni Nani Aliyepanga Mshahara wa Mkurugenzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimekuwa nikitoa mchango wa kila mwezi kwa shirika la hisani linalohudumia watoto wagonjwa. Hivi karibuni nilisoma taarifa yake ya fedha, nikakuta kwamba mshahara wa mkurugenzi mtendaji unazidi kipato changu mara nyingi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba asilimia 90 ya michango huwafikia walengwa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Je, ni haki mtu anayelipwa kwa michango ya watu apate kiasi hicho? Na hiyo asilimia, inatosha kunituliza?

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako unaeleweka, wala hupaswi kuuonea haya. Mteja anayenunua bidhaa huondoka nayo mkononi na kuipima mwenyewe, lakini mchangiaji huondoka na imani tu, kwa kuwa anayelipa ni mmoja na anayehudumiwa ni mwingine, na mara nyingi wawili hao hawatakutana maisha yao yote. Ndiyo maana shirika linaloishi kwa michango ya umma lina deni la maelezo ambalo kampuni ya biashara haina.

Hata hivyo, naona kwamba ukubwa wa mshahara ni swali la pili. La kwanza ni kwamba mshahara huo ulipangwa na nani, kwa vigezo gani, na kama mkurugenzi mwenyewe alikuwamo chumbani wakati ukipangwa. Shirika lenye hospitali, mamia ya watumishi na miradi iliyotawanyika linahitaji kiongozi mwenye ujuzi, na ujuzi huo unagombaniwa na waajiri wengine. Kulipa kidogo mno nako kuna hatari yake: nafasi hubaki kwa wale tu wenye mali zao, au malipo hujificha kwenye posho, safari, nyumba na gari, ambako mchangiaji hayaoni kirahisi. Kwa hiyo usisome mstari wa mshahara peke yake. Tafuta jumla ya malipo pamoja na marupurupu yote.

Marekani imejaribu kuliweka jambo hili katika sheria. Tangu mwaka 1996, kiongozi wa shirika la hisani akipata malipo yanayozidi thamani ya kazi yake hutozwa kodi ya asilimia 25 ya kile kilichozidi, na asipokirudisha katika muda uliowekwa hutozwa asilimia 200. Mjumbe wa bodi aliyeidhinisha malipo hayo kwa makusudi, huku akijua kwamba hayafai, naye hutozwa. Kinachonivutia zaidi ni njia ya kujikinga ambayo sheria hiyo inalipatia shirika. Malipo huchukuliwa kuwa ya haki, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa yamepitishwa na wajumbe wasio na maslahi binafsi, ikiwa wajumbe hao waliangalia takwimu za malipo ya nafasi zinazofanana katika mashirika yanayofanana, na ikiwa waliandika sababu za uamuzi wao wakati huo huo, si miaka miwili baadaye mkaguzi anapobisha hodi. Hata kama shirika lako liko chini ya sheria za nchi nyingine, kipimo hicho unaweza kukitumia: waandikie, uulize kama hayo matatu yalifanyika.

Usidanganyike pia kwamba bodi yenye majina makubwa ni kinga. William Aramony aliongoza shirika la hisani la United Way of America kwa zaidi ya miaka ishirini, huku bodi yake ikiwa na wakuu wa makampuni makubwa. Alijiuzulu mwaka 1992 baada ya vyombo vya habari kufichua malipo na matumizi yake, na mwaka 1995 alitiwa hatiani kwa ulaghai na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba. Watu wenye shughuli nyingi, wanaohudhuria vikao vichache na kumwamini mkurugenzi kwa kila jambo, hawasimamii chochote, hata wawe hodari namna gani katika kazi zao nyingine.

Sasa niingie kwenye ile asilimia 90, ambayo kwa kweli inanitia mashaka kuliko mshahara wenyewe. Kiwango hicho hutokana na jinsi mhasibu alivyogawa gharama, na kanuni za uhasibu humwachia nafasi pana. Barua ya kuomba michango ikiwa na aya zinazoelimisha umma kuhusu ugonjwa, sehemu ya gharama ya kuichapa na kuisambaza inaweza kuhesabiwa kuwa ni elimu kwa umma, yaani huduma, badala ya gharama ya kutafuta fedha. Mshahara wa mkurugenzi nao unaweza kugawanywa, sehemu ikaandikwa utawala na sehemu ikaandikwa miradi, kwa kadiri ya muda anaodaiwa kuutumia huku na huku. Kisha kuna misaada ya vitu, kama vile dawa na vifaa. Shirika likipokea dawa, likazithamini kwa bei ya juu na kuzipeleka kwa wengine, hesabu zake hujaa mamilioni ya mapato na mamilioni ya huduma bila senti moja ya fedha taslimu kuguswa, na gharama za utawala huonekana ndogo kwa kulinganisha.

Mwaka 2015 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo yote 50, ilifungua kesi dhidi ya mashirika manne yaliyodai kuwasaidia wagonjwa wa saratani, moja likiwa Cancer Fund of America. Ilidaiwa kwamba kati ya mwaka 2008 na 2012 yalikusanya zaidi ya dola milioni 187, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwa waendeshaji, jamaa zao na kampuni za kuomba michango. Miongoni mwa madai yaliyokuwamo ni kwamba misaada ya vitu ilitumika kukuza hesabu ili gharama halisi zisionekane. Mtu aliyetazama asilimia peke yake asingegundua kitu.

Lakini upande wa pili nao usiusahau. Shirika lenye gharama ndogo kabisa za utawala laweza kuwa halina mhasibu wa kutosha, halina ukaguzi wa ndani, wala halina mtu wa kufuatilia kama watoto waliotibiwa walipona. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa kuhusu mashirika ya hisani, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi kuwasihi wasipime mashirika kwa kiwango cha gharama za uendeshaji peke yake. Nakubaliana nazo kabisa. Uliza watoto wangapi walihudumiwa, kwa gharama gani kila mmoja, na nani nje ya shirika aliyethibitisha.

SWALI: Shirika ninalolichangia limekataa kunieleza malipo ya viongozi wake kwa hoja kwamba ni siri kati ya mwajiri na mtumishi. Limenitumia ripoti ya mkaguzi yenye hati safi na kusema hiyo yatosha. Je, nina haki ya kuendelea kuuliza?

JIBU: Unayo. Nchini Marekani mashirika mengi ya hisani, isipokuwa makanisa na machache mengine, hulazimika kumwonyesha yeyote anayeomba taarifa zao za kila mwaka za miaka mitatu ya karibuni, zikiwa na majina na malipo ya viongozi wakuu. Nchini Uingereza taarifa za fedha za mashirika makubwa hutaja idadi ya watumishi wanaolipwa zaidi ya pauni 60,000, katika makundi ya pauni 10,000 kila moja, ingawa bila majina. Siri ya mshahara ni hoja ya haki kwa muuguzi au dereva. Kwa mkuu wa taasisi inayoomba fedha hadharani, mimi siikubali.

Kuhusu hati safi, tafadhali ielewe kwa kiwango chake. Mkaguzi anasema kwamba hesabu zinaonyesha hali ya fedha kama ilivyo, bila makosa makubwa. Hasemi kwamba fedha zilitumiwa kwa busara. Mshahara wa kupindukia ulioidhinishwa na kuandikwa vizuri vitabuni unaweza kupita chini ya hati safi bila tatizo. Yasome maelezo yaliyo nyuma ya taarifa za fedha, hasa sehemu inayotaja miamala na watu wenye uhusiano na shirika, kwa sababu huko ndiko utakuta kwamba jengo limekodiwa kutoka kwa mjumbe wa bodi au zabuni imepewa kampuni ya ndugu wa mkurugenzi.

SWALI: Mwanzilishi wa shirika letu ndiye mkurugenzi, mkewe ndiye mhasibu, na mdogo wake ni mwenyekiti wa bodi. Mishahara yao ni midogo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na ni mkubwa kuliko wa msomaji wa kwanza. Anayeomba malipo, anayeyaidhinisha na anayeyaandika vitabuni wanatoka katika nyumba moja, kwa hiyo udogo wa mishahara mnaujua kwa kuambiwa na wao wenyewe. Wanaweza kuwa waaminifu kabisa, lakini hakuna aliye katika nafasi ya kulithibitisha hilo. Waandikieni kwa pamoja, mkiomba mwenyekiti na mwekahazina wasio jamaa pamoja na mkaguzi wa nje, na muwape muda unaofaa kutekeleza. Wakikataa, pelekeni michango yenu kwa shirika jingine linalofanya kazi hiyo hiyo na kufungua vitabu vyake.