Kruskal-Wallis imekupa p ndogo: sasa ufanye nini?

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua data za tasnifu, kinachowaangusha wengi mbele ya msimamizi ni hatua inayofuata baada ya jaribio la kwanza. Hapa jaribio hilo ni Kruskal-Wallis, linalolinganisha makundi kadhaa kwa pamoja na kukupa p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona au zaidi, iwapo kwa kweli makundi hayatofautiani.

Tuseme umewauliza abiria wa Mwenge, Ubungo, Mbagala na Gongo la Mboto wamesubiri daladala dakika ngapi. Wengi watakujibu 10 au 15, halafu mmoja aliyekutwa na mvua jioni anasema 90. Huyo mmoja anauvuta wastani. Lakini ukiyapanga majibu yote kwa nafasi, kama matokeo ya darasa, yeye anakuwa wa mwisho tu, hata angesubiri dakika 200. Ndiyo kazi ya Kruskal-Wallis, jaribio la mwaka 1952.

Ila p ndogo (kwa kawaida chini ya 0.05) inakuambia tu kwamba walau kituo kimoja kinatofautiana na kingine. Haisemi kipi na kipi. Hapo watu hukimbilia Mann-Whitney, jaribio la makundi mawili, jozi moja moja. Vituo vinne vina jozi 6. Ukizipima kila moja kwa 0.05, kama zingekuwa hazitegemeani, uwezekano wa kuokota walau tofauti moja ya uongo unafika asilimia 26 hivi. Halafu Mann-Whitney inapanga nafasi upya kwa vituo viwili tu, kwa hiyo umeshaziacha nafasi zilizokupa jibu la kwanza. Jaribio la Dunn nalo hulinganisha jozi, ila linabaki na nafasi zilezile. Tumieni hilo.

Kisha sahihisheni p, kwa sababu mnapima jozi nyingi. Njia ya Bonferroni inagawa 0.05 kwa 6, kila jozi ishindane na 0.0083. Ni kali mno. Mimi nachagua njia ya Holm, inayolegeza kipimo hatua kwa hatua. Tuseme p zako, kuanzia ndogo, ni 0.004, 0.009, 0.013, 0.030 na mbili kubwa. Ya kwanza unaipima kwa 0.0083, inapita. Ya pili kwa 0.05 gawanya kwa 5, yaani 0.01, inapita. Ya tatu kwa 0.05 gawanya kwa 4, yaani 0.0125, imekwama, simama hapo, zilizobaki zote hazihesabiki. Bila masahihisho ungetangaza tofauti nne. Bonferroni ingekuachia moja.



Na kama hoja yako ni Mbagala dhidi ya vituo vingine, iandike kwenye pendekezo la utafiti kabla hujagawa dodoso. Jozi zitakuwa 3, na p ndogo kuliko zote utaipima kwa 0.0167. Ukishaziona data, ruhusa hiyo huna tena.